Juu ya Kiswahili cha Hotelini

Ipo namna ya Kiswahili isiyofundishwa katika shule yo yote, nayo yasemwa kila siku toka Lamu hata Mtwara, na toka ufukoni hata miguuni pa Kilimanjaro. Ni Kiswahili cha hotelini: maneno wayasemayo wapokeaji wa wageni, wahudumu wa meza, watandika vitanda, wapagazi na madereva, wanapokutana na watu wasioijua lugha yetu. Walimu wengi huilaumu lugha hiyo. Husema ya kwamba kijana waliyemfunza sarufi kwa taabu miaka mingi, akiisha kuajiriwa hotelini, husahau upatanisho wa maneno katika muda wa miezi michache, akarudi nyumbani na "jambo" na "hakuna matata" mdomoni kana kwamba hakupata kukaa darasani. Lawama hiyo twaiheshimu, maana hutoka kwa watu waipendao lugha. Hata hivyo twaona imepiga pasipo pake. Yako makosa katika Kiswahili cha hotelini, tena makubwa, lakini siyo hayo yanayotajwa sana, wala mwenye makosa si yule kijana.

Tuanze na neno la mlangoni. Kila mwalimu ajua ya kwamba salamu yetu ni "hujambo", na jibu lake "sijambo". Na ya kwamba hapo kiambishi cha kukanusha kimeungwa na jina lenyewe, hata maana yake ikawa kama kusema, huna jambo baya lililokupata, nami sina. Basi mtu akisema "jambo" tupu, amekata kile kikanusho, akaliacha jambo limesimama mlangoni peke yake. Mgeni hupewa jambo asubuhi, kisha mchana huambiwa hakuna matata, na kwa hesabu hiyo jioni amerudi pale pale alipoanza! Mzaha huu walimu huupenda, na sisi pia. Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. "Jambo" fupi si mtoto wa hoteli. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita njia za misafara toka pwani kwenda maziwa makuu waliliandika katika vitabu vyao, aghalabu kwa sura ya "yambo", kwa kuwa ndilo walilolisikia kwa wapagazi na kwa watu wa vijiji. Lilikuwa salamu ya njiani, ya watu wenye lugha nyingi wasiokuwa na nafasi ya kuulizana habari za watoto na mbuzi. Hoteli nayo ni njiani. Neno la njiani limerudi njiani.

"Matata" nalo lina ukoo mwema kuliko tudhaniavyo. Ni jamaa ya kutatana na kutatiza, kama uzi uliotatana; na tatizo ni ndugu yake. Watu wa Kongo wasemao Kiswahili hulitumia kila siku bila kumfikiria mtalii hata mmoja. Huku pwani tulizoea kusema "hapana neno", "si neno", "hakuna taabu", na siku hizi "hamna shida". Kwa hiyo "hakuna matata" masikioni mwa mzee wa Unguja husikika kama nguo iliyoazimwa. Likavumishwa na wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, uliotolewa mwaka 1982. Kisha sinema ya Marekani ya mwaka 1994, The Lion King, ikalipeleka kwa watoto wa dunia nzima. Kampuni ya Disney iliyoitengeneza iliomba mwaka ule ule maneno hayo yaandikishwe kuwa alama yake ya biashara katika mavazi, ikakubaliwa mwaka 2003. Na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kupinga jambo hilo. Kwetu tukio lile lafundisha moja tu: neno ambalo walimu wetu walikuwa wakilifukuza barazani, mwingine ameliona lina thamani ya kuandikishwa serikalini.

Wako wasemao ya kwamba hiki cha hotelini ni kile kile Kisetla cha zamani kilichovaa shati jipya. Shauri hili lastahili kupimwa kwa uangalifu zaidi. Kisetla kilikuwa Kiswahili cha walowezi wa Kenya kwa watumishi wao. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi kiitwacho Up-Country Swahili Exercises, na jina lake lenyewe lasema kimekusudiwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanya biashara na wake zao. Wakati ule Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikishughulika kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Lakini mashambani na majikoni ngeli zilikuwa zimetupwa, na vitenzi vilibaki vya kuamuru: lete, peleka, ondoa, fanya upesi. Katika lugha ile bwana ndiye aliyekivunja Kiswahili, na mtumishi, ambaye pengine alikijua vema, alilazimika kumjibu kwa vipande vile vile. Naye aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu.

Hotelini leo mambo yamegeuka. Anayekivunja Kiswahili ni mwenyeji mwenyewe, tena kwa hiari, kama mama avunjavyo mkate apate kumpa mtoto asiye na meno. Humpa mgeni maneno matano au sita yanayotamkika, naye mgeni hufurahi na kuondoka amejiona amepokewa. Huko si kuharibu lugha. Yule kijana akiisha kupita mlango wa jikoni, msikilizeni: aliyesema "jambo, jambo" mapokezi huwaambia wenzake "wageni wale wamekwisha fika, mizigo yao imepelekwa, na kile chumba cha juu bado hakijatandikwa". Hakuna upatanisho mmoja uliokosewa. Yeye anazo lugha mbili, moja ya kugawa na moja ya kuweka.

Mbili, tumesema, lakini kwa kweli ni zaidi. Nendeni Malindi na Watamu. Wataliano walianza kujulikana sana upande ule tangu miaka ya 1960, serikali yao ilipojenga huko Ngomeni kituo cha kurushia vyombo vya anga toka jukwaa lililosimamishwa baharini (na chombo kimoja kilichorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970 kilipewa jina la Kiswahili, Uhuru). Nyuma yao wakaja watalii, na wengine wakajenga nyumba. Leo kijana wa Kigiriama azaliwaye karibu na hapo hunena Kigiriama na bibi yake, Kiswahili sokoni, Kiingereza shuleni, na Kitaliano ufukoni. Na hicho cha nne hakufundishwa na mtu, alikiokota kwa masikio. Diani na Bamburi wako waliokipata Kijerumani kwa njia hiyo hiyo. Pengine hawajui kuandika hata sentensi moja ya lugha ile, ila wajua namna ya kumtuliza Mjerumani aliyekuta maji ya kuoga hayana moto. Sisi tuliotumia miaka katika vitabu vya sarufi kabla ya kuthubutu kufungua kinywa twaweza kuona haya kidogo.

Huko Unguja wauzaji wa njiani wamfuatao mtalii huitwa "papasi", jina la mdudu yule anyonyaye damu ndani ya nyumba za udongo. Ni tusi, bila shaka, lakini tazama lilivyochaguliwa: lina picha na lina ucheshi wa watu wa mjini. Vijana hao humfundisha mgeni kujibu "mambo" kwa "poa kichizi kama ndizi", naye hurudi kwao Ulaya akidhani amejifunza methali ya kale. Walimu hukasirika. Sisi hatuwezi kukasirika sana, maana mzaha wenye mizani na vina ni kazi ya ulimi uliochangamka, nao Waswahili wameupenda tangu zamani.

Misimu ya vyakula yataka maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo tuonapo akili ya watu ikifanya kazi. Katika hoteli ndogo za Nairobi (na Mkenya akisema "hoteli" mara nyingi ana maana ya mahali pa chai na chakula, wala si pa kulala) mtu huagiza "chapo madondo", yaani chapati na maharagwe. Dar es Salaam viazi vilivyokaangwa pamoja na mayai huitwa "zege", kwa kuwa vimeshikana kama kokoto na saruji. Haya ni michezo tu. Lakini angalieni neno "kitimoto". Tanzania ni nchi ambayo Waislamu na Wakristo hukaa mtaa mmoja, hupanda gari moja, na pengine huketi katika benchi moja la kulia. Nyama ya nguruwe huuzwa, nayo haina budi kutajwa na anunuaye. Lakini kuitaja kwa jina lake mbele ya jirani ambaye kwake ni haramu ni kumkera bure. Basi ikapata jina la pembeni, kitimoto. Wengine huiita "mbuzi katoliki", na wasomaji wetu wa madhehebu hayo watatuwia radhi. Hilo la pili ni utani. La kwanza ni pazia. Mhudumu aulizaye kwa sauti ya chini, "Cha moto kipo, mzee, utakitaka?" amewastahi watu wawili kwa neno moja. Mhakiki asemaye kwamba misimu ni uvivu wa lugha na atuonyeshe katika Kiswahili sanifu neno lifanyalo kazi hiyo.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo walimu hawalitaji, nalo kwetu ni zito. Mfanyakazi wa hoteli hulaumiwa sana kwa Kiingereza chake, na mara nyingi alaumiwalo si kosa la Kiingereza. Ni adabu ya Kiswahili iliyovaa maneno ya Kiingereza. Mgeni akijikwaa kizingitini, mhudumu husema "sori". Mgeni hushangaa: kwani wewe ndiwe uliyenikwaza? Kwa Kiingereza neno lile aghalabu lakiri hatia. Mhudumu hakukiri hatia yo yote. Alisema "pole", na kwa kuwa hakulipata katika Kiingereza, alishika lililo karibu. Kadhalika mhudumu aitwaye huku amebeba sahani hujibu kwa Kiingereza kwamba anakuja, kisha huenda zake upande mwingine. Mgeni humwona mwongo. Lakini kwetu "naja" ni neno la kuaga kwa muda: naondoka, ila moyo wangu ungali hapa, nitarudi. Ni upole, si uwongo.

Lililo gumu kuliko yote ni jibu la swali la kukanusha. Mswahili akiulizwa, "Hutaki sukari?" naye hataki, hujibu "ndiyo", yaani ndiyo, ni kama ulivyosema, sitaki. Mwingereza asiyetaka hujibu "hapana". Basi mhudumu huuliza kwa Kiingereza, mgeni hukana, na mhudumu, akisikia kwa masikio ya kwao, hufahamu kwamba mgeni amekana lile la kutotaka; anataka, basi. Huleta sukari. Mgeni hunung'unika, mkubwa wa mapokezi huitwa, na kijana huandikwa kuwa si msikivu. Tumesikia mengi ya namna hii kwa vijana wa kazi hiyo, wala hatukusikia hata mara moja kwamba mtu aliketi akawaeleza kisa chake, kwamba lugha mbili hupimana na swali kwa namna mbili. Hapa ndipo mwalimu wa sarufi angeweza kuwa na faida kubwa hotelini, kuliko kusimama langoni akihesabu ngeli zilizoanguka.

Hesabu ya saa nayo ni mtego wa namna hiyo. Saa yetu huanza jua linapochomoza. Ya Wazungu huanza usiku wa manane. Mgeni aliyejifunza tarakimu katika kijitabu huomba aamshwe saa kumi na moja, akidhani ataamshwa karibu na adhuhuri. Naye hugongewa mlango alfajiri, jogoo wakiwika. Mhudumu mzoefu hurudia kwa kuuliza, "Kabla ya jua, au jua likiwa juu?" Hatujaona swali hilo katika kijitabu cho chote cha wageni, nalo lingefaa kuwa ukurasa wa kwanza.

Na vijitabu hivyo, tuviseme kidogo. Huwekwa vyumbani karibu na taa, kurasa chache, maneno machache. Aghalabu ndani yake mgeni hufundishwa kusema: lete maji, lete hesabu, bei gani, ghali mno, simama hapa. "Naomba" haimo, "tafadhali" imo mara moja, mwishoni, "shikamoo" haimo kabisa, ingawa asubuhi mgeni atapita mbele ya mlinzi mwenye mvi. Ikiwa twatafuta urithi wa Kisetla, haumo kinywani mwa mhudumu. Umo humu, katika orodha ya amri, nayo huchapishwa na wenyeji wenyewe pasipo kufikiri.

Lakini kosa kubwa kuliko hilo liko kwingine, nalo humpata mgeni asemaye Kiswahili. Wakati wa ukoloni hoteli nyingi kubwa za Nairobi hazikumpokea Mwafrika kuwa mgeni. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kufanya kazi. Mlango ule ulifunguliwa zamani. Lugha iliyo mlangoni, je? Mzee wa Tanga au wa Kisumu aingiapo leo katika hoteli kubwa ya nchi yake, amevaa vema na ana fedha za kulipa, mara nyingi hukaribishwa kwa Kiingereza. Akijibu kwa Kiswahili, mmojawapo wa mambo mawili hutokea. Ama sauti ya mpokeaji hushuka daraja, kana kwamba mgeni amepungukiwa fedha palepale. Ama hujibiwa kwa Kiswahili kilichopigwa chapa na Kiingereza. Huambiwa "chukua kiti". Apeleke wapi? Kwetu kuchukua kiti ni kukibeba. Mgeni huambiwa "karibu kiti", au "keti, baba". Huulizwa "naweza kukusaidia?" kama kwamba muulizaji hana hakika na uwezo wake mwenyewe. Chakula kikifika huambiwa "furahia chakula chako", ilhali tangu babu zetu neno la chakula lilikuwa "karibu" tu, tena alilisema hata yule alaye kumwambia apitaye njia. Akiondoka huambiwa "uwe na siku njema", kwa sauti ya maneno yaliyokaririwa.

Kila moja la maneno haya lina upatanisho kamili. Mwalimu wa sarufi hatapata hata moja la kutilia alama nyekundu! Ndiyo sababu twasema kipimo cha sarufi hakitoshi hapa. "Jambo" iliyokatwa mkia ina joto la mtu kuliko "naweza kukusaidia" yenye viungo vyote. Twajua chanzo chake: kazi hii hufundishwa zaidi kwa Kiingereza, na adabu hufundishwa pamoja nayo, kisha hutafsiriwa neno kwa neno na vijana ambao hawakuambiwa ya kwamba lugha yao tayari ina adabu yake ya kupokea mgeni, tena nyingi. Kiingereza chao ni haki yao na ni riziki yao, hatusemi wakiache. Twasema tu kwamba hakuna aliyewaambia jambo la pili.

Hata baina yetu wenyewe haitoshi kutafsiri. Mtanzania aingiapo mkahawa wa Nairobi husema "naomba chai", na Mkenya wa meza ya pili hudhani ataka kupewa bure. Mkenya aendapo Dar es Salaam husema "leta chai", na mhudumu humwona ana kiburi. Wote wawili wametaka chai, wote watalipa, wala hakuna aliyekosa adabu ya kwao. Mhudumu wa mpakani, Namanga au Horohoro, huyajua haya bila kufundishwa. Humtambua mtu kwa kitenzi chake cha kwanza, na jibu lake hufuata.

Na jinsi watu waitanavyo ni sehemu ya jambo lenyewe. Mahali pa chakula cha bei nafuu mhudumu humwita mgeni mzee, mama, anko, kaka, au ami akiwa mwenyeji wa pwani. Naye huitwa dada, mwanangu, mdogo wangu. Undugu huu wa muda mfupi hauna udanganyifu. Ni ngazi ya kupandia mazungumzo. Jina "mama ntilie" lenyewe limezaliwa na ombi la mlaji, "Mama, nitilie". Fikirini: mwanamke auzaye wali chini ya mwembe amepata jina lake kutoka kinywani mwa watu waliomwita mama na kumwomba. Mwenzake afanyaye kazi ile ile ndani ya nyumba yenye taa za rangi huitwa "baamedi", neno la kigeni, na wote twajua latamkwaje, na wazazi wa binti huyo huficha kazi yake kanisani na msikitini. Mikono ya wote wawili hufanya kazi moja. Aliye na jina la Kiswahili ana heshima. Aliyepewa jina la kukopa ameipoteza. Tukitafuta mahali ambapo lugha ya hotelini imemdhuru mtu kweli, ni hapa, wala hatuoni walimu wengi wakilalamika.

Siku hizi kazi hii yote imepewa jina jipya, "tasnia ya ukarimu". Tumelisoma mara nyingi, nasi hatujaweza kulizoea. Karimu ni mtu atoaye pasipo kuuza. Watanzania wamekwisha kuonja taabu ya neno la ukoo huo: sheria ya uchaguzi iliporekebishwa mwaka 2000, "takrima" ya mgombea iliruhusiwa, hata ikawa vigumu kuipambanua na rushwa, na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006. Heri tungesema kazi ya kupokea wageni, tukajua kwamba hulipwa, na ukarimu tukauacha uwe zawadi ya mhudumu mwenyewe, ambayo haiandikwi katika hesabu.

Maneno yetu ya kale ya kazi hii tumeyaacha bila kuyaaga. Kuandika, kabla halijashikwa kabisa na karatasi na wino, lilikuwa na maana ya kupanga vitu kwa taratibu. Hata leo wazee husema kuandika meza na kuandika chakula. Kutokana nalo likatoka "mwandikaji", mtu apangaye vyakula mbele ya wageni, jina moja na la karani. Mwanafunzi aliyetuuliza mara moja kwa nini shule imemfundisha kuandika na sasa anabeba sahani, angefaa kuambiwa hili. Hata kuandaa kuna uzao: andazi ni kitu kilichoandaliwa, na mwandazi ni yule mpishi wa karamu.

Liko na neno "starehe". Katika nyumba ya Kiswahili mgeni akiingia, waliokaa huinuka kumpa mahali, naye mgeni ndiye husema "starehe!" maana yake, msisumbuke kwa ajili yangu, kaeni. Ni mgeni aombaye raha ya wenyeji. Hotelini na katika matangazo yake neno limepinduliwa: starehe ni kitu mgeni anunuacho, na mitaani limepata harufu mbaya zaidi. Wahudumu hawakulipindua wao.

Na "hodi" je? Mtandika vitanda hufundishwa kugonga mlango na kutaja kazi yake kwa Kiingereza. Tumesikia ya kwamba katika nyumba moja ya wageni upande wa pwani wahudumu wameacha desturi hiyo, wakarudia ya kwao: hupiga hodi, hungoja, hupiga ya pili, na ya tatu, na asipojibu mtu huenda zao. Wageni waliuliza maana yake siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wakijibu "karibu". Siku ya tatu, husema msimamizi wa vyumba, walianza wao wenyewe kupiga hodi mlangoni pa jikoni wakitaka maji ya moto, na wapishi wakawa hawana budi kuwajibu.